Erich von Hornbostel na Swali la Sifa Bia za Muziki: Maisha Yake Yakitazamwa kutoka Mpanda

1.0 Utangulizi

Katika eneo la Mpanda, ambalo tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Katavi, jamii nyingi zinaishi kwa ujirani. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe ni wenyeji wa tangu zamani. Wafipa wako upande wa kusini. Wasukuma wamehamia na mifugo yao, na wamekuja na ngoma zao za kulimia. Katika makazi ya Katumba na Mishamo wapo watu waliotoka Burundi katika miaka ya 1970, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014. Nyimbo za jamii hizi hazifanani, wala ala zao si zile zile. Hata hivyo, mtu wa jamii moja akisikia wimbo wa jirani yake hutambua kuwa huo ni wimbo, ijapokuwa maneno yake hayaelewi.

Utambuzi huo unaibua swali ambalo limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja: je, muziki una sifa bia, yaani sifa zinazopatikana katika tamaduni zote za wanadamu? Swali hili si la nadharia tupu. Anayejibu haraka kwamba sifa hizo hazipo huenda akaishia kudai kwamba binadamu wamegawanyika katika makundi yasiyoweza kusikilizana. Anayejibu haraka kwamba zipo huenda akachukua kipimo cha muziki wa kwao na kukifanya kipimo cha watu wote.

Makala haya yanaeleza maisha ya Erich Moritz von Hornbostel, mtaalamu aliyesumbuliwa na hatari zote mbili, na ambaye kazi yake iligusa moja kwa moja muziki wa magharibi mwa Tanzania. Hoja inayojengwa ni kwamba Hornbostel alitafuta umoja wa muziki wa wanadamu katika vipimo vya sauti, na huko hakuupata. Kilichodumu katika kazi yake ni zana za kulinganishia, pamoja na kanuni kwamba kila muziki usikilizwe kwanza kwa masharti yake wenyewe.

2.0 Malezi na Elimu

Hornbostel alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 25 Februari 1877. Mama yake, Helene Magnus, alikuwa mwimbaji, na mtoto alikulia katika nyumba ambamo muziki ulikuwa jambo la kila siku. Alijifunza piano na kanuni za utunzi tangu ujana. Hata hivyo, chuoni hakusomea muziki. Alisomea sayansi, na mwaka 1900 alipata shahada ya udaktari katika kemia katika Chuo Kikuu cha Vienna.

Mchanganyiko huo wa malezi ya muziki na elimu ya maabara ndio uliotengeneza mwelekeo wake wote wa baadaye. Mwanakemia huamini kwamba vitu vinavyotofautiana kwa sura huweza kuchanganuliwa hadi vikabaki viasili vichache vilivyo sawa kila mahali. Hornbostel alipogeukia muziki, aliingia na matumaini ya namna hiyo hiyo.

Muda mfupi baada ya kuhitimu alihamia Berlin, akajiunga na Carl Stumpf, mwanafalsafa na mwanasaikolojia aliyekuwa akichunguza jinsi binadamu anavyosikia sauti. Mwaka 1900 Stumpf na daktari Otto Abraham walikuwa wamenasa kwa fonografu muziki wa kundi la wasanii kutoka Siam, nchi inayoitwa leo Thailand, lililokuwa likitembelea Berlin. Silinda hizo za nta ndizo zilizokuwa mwanzo wa Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin. Hornbostel alikabidhiwa uongozi wa hifadhi hiyo mwaka 1905, na aliushika hadi mwaka 1933.

3.0 Fonografu, Senti na Taaluma Mpya

Kabla ya fonografu, aliyetaka kulinganisha muziki wa tamaduni mbili alitegemea kumbukumbu ya msafiri au nota alizoziandika. Msafiri wa Ulaya aliandika alichokisikia kwa nota za Ulaya, na sauti isiyolingana na kinanda ilisogezwa mpaka ikalingana. Kwa hiyo ushahidi wenyewe ulikuwa umeharibiwa kabla uchunguzi haujaanza.

Mambo mawili yaliibadili hali hiyo. La kwanza lilikuwa kazi ya Mwingereza Alexander Ellis, ambaye mwaka 1885 alionyesha kwamba skeli za mataifa mbalimbali hazitokani na sheria moja ya maumbile. Ellis aligawa oktava katika sehemu ndogo 1200 zinazoitwa senti, na kwa kipimo hicho umbali wowote kati ya sauti mbili uliweza kuelezwa kwa tarakimu. La pili lilikuwa fonografu ya Edison. Silinda moja ilichukua dakika chache tu, lakini iliweza kusikilizwa tena na tena maabarani. Wasafiri waliokabidhiwa mashine na hifadhi ya Berlin waliagizwa wapulize filimbi ya kipimo mwanzoni mwa kila silinda, ili kasi ya kunasia ijulikane na sauti zipimwe kwa usahihi.

Kwa pamoja, Hornbostel na Abraham walichunguza muziki wa Japani, Uturuki na Uhindi katika miaka ya 1903 na 1904. Mwaka 1905 Hornbostel alieleza matatizo ya msingi ya taaluma aliyoiita elimumuziki linganishi, na mwaka 1906 alikwenda Marekani kuchunguza muziki wa Wapawnee. Mwaka 1909 yeye na Abraham walipendekeza namna ya kuandika kwa nota nyimbo zisizo za Ulaya bila kuzilazimisha kuingia katika skeli ya Ulaya. Msimamo wake katika miaka hiyo ulikuwa wa tahadhari: mtafiti hana haki ya kuuita muziki wowote mbovu au usio na mpangilio kabla hajaujua mpangilio wa wenyewe.

4.0 Nyimbo za Wanyamwezi na Mipaka ya Silinda

Mwaka huo huo wa 1909 Hornbostel alichapisha katika jarida la Anthropos uchunguzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwa fonografu. Mwaka 1917 ulifuata uchunguzi wake wa nyimbo za Rwanda, uliotolewa pamoja na matokeo ya safari ya Jan Czekanowski. Kwa hiyo muziki wa nyanda za magharibi mwa Tanzania na wa majirani zake ulikuwa miongoni mwa muziki wa Afrika uliochunguzwa mapema katika taaluma hii.

Nyimbo za Wanyamwezi zinahusiana na historia ya Mpanda. Wakonongo ni ndugu wa karibu wa Wanyamwezi kwa lugha na kwa mila. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kati ya pwani na Ziwa Tanganyika, na nyimbo zao zilisafiri nao. Mwaka 1871, vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya kawaida kutoka Tabora hadi Ujiji, msafara wa Henry Morton Stanley ulizunguka kusini kupitia Ukonongo. Njia za misafara zilikuwa njia za nyimbo pia. Kiongozi alianzisha, wapagazi waliitikia, na hatua za miguu ndizo zilizoshika mapigo.

Hapo ndipo ulipoonekana upungufu wa mbinu ya Hornbostel. Silinda ilinasa sauti, lakini haikunasa mguu ulioikanyaga njia, jembe lililopanda na kushuka, wala wachezaji waliomjibu mwimbaji kwa miili yao. Neno ngoma lenyewe, ambalo kwa sura mbalimbali hupatikana katika lugha nyingi za Kibantu, linaonyesha tatizo hilo. Katika Kiswahili neno hilo hutaja ala, uchezaji na tukio zima la kukusanyika. Katika Kirundi, ingoma ni ala na pia ni ufalme. Anayetenga sauti peke yake akaipima kwa senti amepima kitu cha kweli, lakini si lazima kiwe ndicho wenyewe wanachokiita kwa jina hilo. Hornbostel hakufanya utafiti wa uwandani Afrika Mashariki, na alitegemea nta iliyoletwa na wengine.

5.0 Kutoka Usikivu hadi Nadharia Kubwa

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Hornbostel alishirikiana na mwanasaikolojia Max Wertheimer kutengeneza chombo cha kutambua upande inakotoka sauti ya mzinga. Kutokana na kazi hiyo walieleza mwaka 1920 jinsi binadamu anavyotambua mwelekeo wa sauti kwa tofauti ndogo ya wakati kati ya sikio moja na jingine. Huo ulikuwa ugunduzi juu ya usikivu wa binadamu yeyote, wa Berlin au wa Ukonongo. Ni mfano mzuri wa sifa bia inayothibitishika, lakini ni sifa ya sikio na wala si ya muziki.

Juu ya muziki wenyewe Hornbostel alitaka kusonga mbele zaidi. Aliona kwamba filimbi na marimba za sehemu za dunia zilizo mbali mbali zilionekana kuwa na vipimo vinavyokaribiana, na akaamini kwamba mwafaka wa aina hiyo hauwezi kutokea kwa bahati. Alijenga nadharia ya tano zilizopulizwa. Sauti ya tano iliyo safi ina senti 702. Yeye alidai kwamba tano inayopatikana kwa kupuliza kwa nguvu mwanzi uliozibwa upande mmoja ina senti 678 hivi, na kwamba skeli nyingi za kale zilitokana na mzunguko wa tano hizo. Kwa maoni yake, vipimo hivyo vilisafiri kutoka asili moja hadi mabara mengine, na kwa hiyo ala za muziki zingeweza kutumika kama ushahidi wa mawasiliano ya kale kati ya watu.

Nadharia hiyo ilikuwa na mvuto mkubwa kwa sababu iliahidi kuziunganisha skeli za dunia kwa hesabu moja. Lakini haikusimama. Manfred Bukofzer, katika kazi yake ya mwaka 1937, alionyesha kwamba tano za mianzi halisi hazina kipimo kimoja kisichobadilika, na kwa hiyo mzunguko wote ulikosa msingi. Hornbostel alikuwa ameshafariki. Kosa lenyewe halikuwa la uvivu. Lilikuwa la mtu aliyeamini kwamba tarakimu zinazokaribiana lazima ziwe na chanzo kimoja, akasahau kwamba fundi wa ala huisawazisha kwa sikio na kwa mazoea ya kwao.

Mwaka 1928 Hornbostel alichapisha makala mashuhuri juu ya muziki wa Afrika katika toleo la kwanza la jarida la Africa, lililotolewa London. Alitaja sifa tatu kuu: kupokezana kwa kiongozi na waitikiaji, uimbaji wa sauti zaidi ya moja, na mdundo uliokuzwa sana. Kuhusu mdundo, alidai kwamba Mzungu huanzia katika kusikia na Mwafrika huanzia katika mwendo wa mwili, hivi kwamba kuinua mkono ni sehemu ya pigo sawa na kuushusha. Kisha akahitimisha kwamba muziki wa Afrika na wa Ulaya umejengwa juu ya misingi tofauti kabisa, na kwamba hauwezi kuunganishwa ukawa mmoja.

Katika hitimisho hilo mna heshima, kwani mwandishi aliupinga mtindo wa kuupima muziki wa Afrika kwa kanuni za kigeni na aliogopa usije ukapotea. Lakini mna hatari pia. Mtu aliyeanza kwa kutafuta umoja alifikia mahali pa kuwagawa wanadamu katika wasikiaji na watendaji. Historia ya muziki ya eneo hilo hilo la magharibi mwa Tanzania inampinga. Bendi kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilipiga magitaa na matarumbeta bila kuacha lugha na ladha ya nyumbani, na kwaya za makanisa zimechukua upatanifu wa sauti wa Ulaya na kuuweka katika mwendo wa wachezaji. Wenyewe hawakuuona ukuta ambao mtaalamu aliuchora.

6.0 Uainishaji wa Ala

Kazi ya Hornbostel iliyodumu zaidi haikudai kuwa na jibu la swali la sifa bia. Mwaka 1914 yeye na Curt Sachs walichapisha mfumo wa kuainisha ala za muziki. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamezoea kugawa ala kwa mafungu ya okestra yao, ambamo marimba ya vibao na njuga havikupata mahali panapofaa. Hornbostel na Sachs waliuliza swali moja tu: ni kitu gani kinachotikisika hata sauti ikatoka?

Kwa swali hilo walipata matabaka manne. La kwanza ni la ala ambazo mwili wake wenyewe hutikisika, kama kayamba, njuga na marimba. La pili ni la ala za ngozi, ambazo mfano wake ni ngoma. La tatu ni la ala za nyuzi, na la nne ni la ala ambazo hewa ndiyo inayotikisika, kama filimbi na baragumu. Kila tabaka liligawanywa kwa tarakimu hadi vipengele vidogo kabisa. Kwa mfumo huo ndono ya Wasukuma, ambayo ni upinde wenye uzi na kibuyu, na inanga ya Warundi, ambayo nyuzi zake hutandazwa juu ya ubao uliochongwa kama hori, zinakaa katika tabaka moja la nyuzi bila mojawapo kuonekana upungufu wa nyingine wala wa piano.

Mfumo huo una kasoro zake. Hausemi ala inapigwa na nani, katika tukio gani, wala wenyewe wanaiitaje. Nguvu yake ni kwamba kipimo chake hakikuchukuliwa kutoka katika muziki wa taifa lolote. Unalinganisha bila kupanga watu kwa daraja.

7.0 Kufukuzwa na Kifo

Mwaka 1932 Hornbostel alihudhuria Kongamano la Muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo, ambako wataalamu wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu walijadili skeli, ala na unasaji wa santuri. Wakati huo hifadhi ya Berlin ilikuwa moja ya hazina kubwa za sauti duniani, na wanafunzi wake walikuwa wametawanyika katika nchi nyingi.

Mwaka uliofuata Wanazi walishika madaraka Ujerumani. Kwa sheria za ubaguzi wa rangi, Hornbostel, ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, aliondolewa kazini mwaka 1933. Mtu aliyetumia miaka 28 kuhifadhi sauti za watu wa mabara yote alihesabiwa kuwa hana haki ya kufundisha kwa sababu ya damu ya mama yake, yule yule aliyemlea katika muziki. Alikwenda New York kufundisha katika New School for Social Research, kisha akahamia Uingereza. Alifariki Cambridge tarehe 28 Novemba 1935, akiwa na umri wa miaka 58.

Silinda zake nazo zilihamishwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ya hifadhi ilipelekwa mbali na Berlin kwa usalama, ikachukuliwa na jeshi la Kisovieti hadi Leningrad, kisha ikarudishwa Berlin ya Mashariki. Iliungana tena na nyumba yake ya zamani baada ya Ujerumani kuwa moja. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

8.0 Urithi Wake Afrika Mashariki na Kwingineko

Mmoja wa waliosoma kwake Berlin alikuwa Klaus Wachsmann, ambaye naye aliikimbia Ujerumani ya Wanazi. Wachsmann alifika Uganda mwaka 1937, na baadaye akawa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda. Tofauti na mwalimu wake, alikaa na wapigaji, akapima ala zao mbele yao na kuwasikiliza walivyozisawazisha. Pamoja na Anthony Baines, alitoa mwaka 1961 tafsiri ya Kiingereza ya mfumo wa 1914, ambayo ndiyo iliyoueneza katika makumbusho na vyuo vingi.

Nadharia ya mdundo ilipata mhakiki wake mwaka 1955, pale John Blacking alipoichunguza upya katika jarida la African Music. Blacking, aliyekuja kujulikana kwa utafiti wake miongoni mwa Wavenda wa Afrika Kusini, alilihamisha swali la sifa bia kutoka katika sauti hadi kwa binadamu mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1973 alisisitiza kwamba uwezo wa muziki ni wa wanadamu wote, na kwamba jamii ndiyo inayoamua utakuzwa vipi.

Katika karne ya 21 swali limerudi kwa njia ya takwimu. Mwaka 2015 Patrick Savage na wenzake walichunguza rekodi 304 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Hawakupata sifa hata moja isiyokuwa na kighairi, lakini walipata sifa 18 zinazojitokeza kwa wingi katika kila ukanda, zikiwamo mapigo ya kawaida na uimbaji wa pamoja. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililoongozwa na Samuel Mehr lilionyesha kwamba muziki umo katika kila jamii iliyochunguzwa, na kwamba nyimbo za kubembelezea watoto, za kucheza, za kuganga na za mapenzi huwa na tabia zinazotambulika hata na msikilizaji wa mbali. Kwa upande mwingine, utafiti uliofanywa miongoni mwa Watsimane wa Bolivia na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu hao hawapendelei upatanifu wa sauti kuliko mgongano wake, kinyume na ilivyodhaniwa kuwa ni sheria ya sikio la binadamu.

9.0 Hitimisho

Matokeo hayo yakiwekwa kando ya maisha ya Hornbostel, jambo moja linadhihirika. Mahali alipotafuta umoja kwa bidii kubwa, yaani katika skeli na umbali wa sauti, ndipo tamaduni zinapotofautiana zaidi. Kinachoelekea kuwa cha wote ni kile ambacho silinda ilikipunguza: watu kukusanyika, kuimba pamoja, kushika mapigo mamoja kwa miili yao, na kumtuliza mtoto kwa sauti. Hata sifa ya kwanza aliyoitaja mwaka 1928, ya kiongozi na waitikiaji, ina maana zaidi ikitazamwa kama uhusiano wa watu kuliko ikitazamwa kama alama ya bara moja.

Mpanda ni mahali panapofaa kuendelezea uchunguzi huo. Bugobogobo ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, nyimbo za Wakonongo zenye undugu na zile zilizoandikwa mwaka 1909, na inanga ya Warundi ambayo mwimbaji wake huweza kunong'ona badala ya kupaza sauti, zinahitaji kulinganishwa na watafiti wanaozijua lugha zake. Mnong'ono hauna kimo cha sauti kinachopimika kwa senti, na bado wasikilizaji wake hawana shaka kwamba ni wimbo. Nadharia yoyote ya sifa bia isiyoweza kuupokea wimbo huo itakuwa imerudia kosa la tano zilizopulizwa.